Moto wa Pili

Alhamisi ile, mwezi wa kumi mwaka tisini na sita, nilipima upepo mara tatu kabla ya saa tatu asubuhi, na kila mara nikadhani kifaa kimeharibika. Hakikuwa kimeharibika. Nyasi zote za pembeni mwa msitu zilikuwa zimelala upande mmoja, kuelekea kijijini, na hazikuinuka.

Nilikuwa mwaka wa tatu wa shahada ya misitu, chuoni Morogoro, na nilichochagua kwa utafiti wangu ni moto. Moto wa porini unaanzaje, unakula nini, nani auzuie na kwa sheria gani, na wakati gani wenyewe ndio dawa. Nyumbani Singida mjini walicheka sana. Baba yangu, Mzee Shamte, alikuwa na duka la vitambaa na vyombo karibu na soko, duka lililonenepa tangu bidhaa za nje ziliporuhusiwa kuingia kwa wingi, na wateja wakimuuliza binti yake anasomea nini alijibu kwa mkato kwamba anasomea kilimo.

Utafiti wangu niliufanyia Mwanduli, kijiji kinachopakana na msitu ng'ambo ya Mgori. Nilikaa kwa mama mmoja mjane, shangazi Yustina, na aliyenionyesha njia msituni alikuwa mtoto wa kaka yake, Zefania Mughenyi, ambaye shangazi huyo alimlea kuanzia alipofiwa na mama yake. Zefania alikuwa kiongozi wa doria ya msitu ya kijiji. Ndiye aliyenibebea mizani wakati nikikata nyasi, nikizikausha na kuzipima ili nijue moto ukija utakuta chakula kiasi gani. Alinifundisha majina ya miti kwa Kinyaturu, nami nikayaandika vibaya kwa makusudi ili ayarudie. Ilimchukua wiki mbili kugundua. Siku aliyogundua alilitamka jina la mti mmoja polepole sana, akinitazama mdomo, na tangu hapo sikuwa tena mgeni wa shangazi yake.

Mwaka mmoja ulipita, mimi nikienda chuoni na kurudi, na kila nilipopima nyasi uzito ulikuwa umeongezeka. Zamani wazee wa Mwanduli walichoma mwezi wa sita, majani yakiwa bado na ubichi, moto ukatambaa chini kwa chini na kuzimika wenyewe. Kijiji kilipokabidhiwa kipande chake cha msitu kikitunze, kikapitisha sheria kwamba moto ni marufuku mwaka mzima, kwa yeyote. Nia ilikuwa njema. Lakini misimu mitatu ya nyasi ilikuwa imelaliana mle ndani, kavu kama karatasi, na nilipoiomba kamati iniruhusu nichome mapema angalau ukanda wa upande wa shule, walinijibu kwa heshima kwamba sheria haigeuzwi na mwanafunzi.

Basi asubuhi ile Zefania alikuja kunikuta kwenye vipande vyangu vya majaribio. Alikuwa na panga na kibuyu cha maji. Rafiki yake Antipasi alimsubiri mbele kidogo, chini ya mti. Jana yake kulionekana moshi ng'ambo ya korongo, wakadhani ni wachoma mkaa kutoka mbali, na walikuwa wanakwenda kuwatoa.

"Leo usivuke korongo," nilimwambia.

Aliniuliza kwa nini. Nikamwonyesha kifaa cha upepo. Akakitazama kidogo, akanitazama na mimi, na nikajua kwamba hakuja kuzungumza habari za upepo.

"Kaka yako anakuja leo kukuchukua," alisema. "Barua yake ilipitia duka la hapa kijijini juzi. Kijiji kizima kinajua isipokuwa mimi."

Ilikuwa kweli. Kaka yangu Amri alikuwa ameniandikia kwamba Ijumaa baada ya swala wazee wa Rahimu watakuja nyumbani kuniposa. Rahimu alikuwa kijana wa familia tunayofanana nayo, ana mashine ya kukamua alizeti barabara ya Misigiri, hana kasoro yoyote ninayoweza kuitaja. Zefania akataka kujua nimewajibu nini. Nikamwambia sijajibu.

"Na kuhusu mimi umewaambia nini?"

"Bado, Zefania. Humjui baba yangu."

"Simjui kwa sababu hujanipeleka. Mwaka mzima huu mimi kwenu ni nani, Kauthar? Mbeba mizani?"

Nilipaswa kunyamaza. Nilikuwa na hofu ya upepo, hofu ya baba, hofu ya kwamba anasema kweli, na hofu zote tatu zikatoka kinywani kama dharau. Nilimwambia kwamba yeye hatakosa wa kuoa, wasichana wa hapa hapa ni wengi.

 Alihamisha panga kutoka mkono huu kwenda mkono ule, akaenda kumfuata Antipasi. Nilimtazama mgongo mpaka majani yakamfunika. Jina lake lilikuwa mdomoni, nikalimeza.

Amri alifika saa tano na pikapu ya dukani. Alikuwa na miaka thelathini na tano, mtu mpole, asiyependa ugomvi hata wa kuku. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia bila kunitazama machoni. Alinywa chai kwa shangazi Yustina, akamsifia mandazi, kisha tukiwa tunapakia mabegi yangu akaniambia kwamba nyumbani wanajua kuhusu yule Mkristo. Kuna mtu wa Mwanduli alikwenda kununua sufuria akaropoka.

"Baba amekasirika?" nilimuuliza.

"Hajakasirika. Hilo ndilo linalonitia hofu."

Nilikuwa nimeshakaa ndani ya gari, mlango umefungwa, nilipoinua macho na kuona moshi. Moshi wa tanuri la mkaa huwa mweupe na husimama. Huu ulikuwa wa kahawia na ulikuwa umeinama kuelekea kwetu, mpana, tena ukizidi kupanuka tukiutazama. Nikafungua mlango. Amri akaniita kwa jina, mara moja tu, akaona nilichokiona mimi, naye akashuka.

Ndani ya dakika chache watu walikuwa wamejaa barabara ya zamani ya kusombea magogo, ile inayotenganisha msitu na mashamba. Walishika matawi mabichi na ndoo. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Mathayo, alikuwa miongoni mwa walioniambia mwezi wa sita kwamba sheria haigeuzwi. Sasa alikuja mbio mpaka nilipo, kofia mkononi.

"Wewe ndiye uliyesomea," alisema. "Sema."

Nilijua la kusema. Nilikuwa nimeliandika kwenye mtihani na kupata alama nzuri. Nyuma yetu kulikuwa na mashamba, mabua ya mtama bado yamesimama mpaka milangoni mwa watu, na katikati ya mashamba hayo shule ya msingi yenye watoto zaidi ya mia mbili. Moto ule ungevuka barabara kama mtu anavyovuka kizingiti. Matawi yasingeuzima, ndoo zisingeuzima. Kilichobaki ni kuwasha moto wa pili, wetu, pembezoni mwa barabara upande wa msitu, uzile nyasi taratibu kuelekea msituni, ili ule mkubwa ukifika ukute pamekwisha kuliwa.

Lakini aliyekuwa ndani, akikimbia kuja kijijini, angeukuta moto huo mbele yake.

Nilimwambia Amri apige honi bila kuachia, ili walioko msituni wajue barabara iko wapi. Akapiga. Nikamwambia Mzee Mathayo mwalimu awatoe watoto awapeleke kwenye uwanja wa mpira, ambako palikuwa patupu. Halafu nikangoja. Kila dakika niliyongoja ilipunguza ukanda ambao ningeweza kuuchoma kabla moto haujafika, na nilikuwa nimesoma ukanda huo unapaswa kuwa na upana gani. Niliwangoja wachomoke. Honi ililia, na sauti nyingine ikaanza kuisogelea honi, ngurumo nzito ambayo ilisikika tumboni kabla ya masikioni. Ndege wakatupita juu ya vichwa. Majivu ya moto yakaanza kudondoka barabarani.

Shangazi Yustina akaja akasimama mbele yangu.

"Zefania yumo?"

"Yumo, shangazi. Na Antipasi."

Aliangalia upande wa shule. Watoto walikuwa wanatoka madarasani, wadogo wakishikana mikono. Aliwatazama kwa muda ambao hatukuwa nao.

"Usiniulize mimi," alisema. "Ukiniuliza mimi nitakwambia usiwashe."

Akaenda zake, akaketi kwenye jiwe, akatugeuzia mgongo.

Sikumuuliza. Nilichukua kisinga kilicholetwa kutoka jikoni kwa mtu, nikainama, nikakigusisha kwenye nyasi. Nilitembea huku nimeinama, nikigusa, nikipiga hatua, nikigusa. Niliposimama kunyoosha mgongo nikaona upande ule ule wa msitu, mbali kidogo, kuna mtu mwingine anafanya vile vile kuelekea kaskazini, kanzu imekunjwa kiunoni. Alikuwa Amri. Honi ilikuwa imekwisha kunyamaza.

Moto wetu ulitambaa taratibu mwanzoni, dhidi ya upepo, na watu wakaupiga kwa matawi kila ulipotaka kurudi barabarani. Kisha ule mkubwa ukakaribia ukaanza kuvuta hewa, na wetu ukainuka wote kwa pamoja, ukaingia msituni kwa kishindo. Mioto hiyo miwili ilipokutana joto lilinisukuma nikaanguka. Halafu palibaki moshi, na watu wakikohoa, na hakuna bua hata moja la mtama lililoshika moto.

Mzee Mathayo alinishika mkono akalia. Wanawake walinikumbatia. Nikajitoa mikononi mwao nikaenda kuketi karibu na shangazi Yustina, na yeye hakunifukuza wala hakunigusa.

Zefania walimpata saa tisa, juu ya jabali, nusu saa kwa miguu kutoka barabarani. Alikuwa hai. Mikono yake ilikuwa imeungua kwa kupanda mwamba wa moto, na sauti ilikuwa imekwisha. Antipasi walimpata mahali pengine.

Tulimlaza Zefania kwenye pikapu, juu ya godoro la shangazi, Amri akaendesha hadi hospitalini mjini kwa mwendo wa kubeba mayai. Njia nzima Zefania alikuwa amefumba macho. Nilimlowesha midomo kwa kitambaa, naye akaniacha niiloweshe, na nikajidanganya kwamba huo ni msamaha.

Asubuhi ya Ijumaa aliweza kunong'ona. Aliniuliza kitu kimoja kabla ya salamu.

"Moto wa pili uliwashwa na nani?"

"Mimi."

Alitazama dari. Kisha akanieleza, kwa pumzi fupi fupi, akipumzika kila baada ya maneno machache. Walikuwa wameuona moto ukianza, wakarudi mbio kuvuka korongo. Moshi uliwapoteza. Wakasikia honi, Antipasi akafurahi, akasema ile ndiyo barabara, twende kwenye honi. Yeye Zefania aliona mwanga mwekundu mbele, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na moto. Akamwita mwenzake waparamie jabali. Antipasi alikuwa mwepesi zaidi, na alikuwa ametangulia.

"Aliifuata honi," alisema.

Nilisikia maneno hayo, na mpaka leo sijui niliyapokeaje. Nakumbuka nesi alipita na ndoo, nikasogeza miguu kumpisha.

"Ningekuwa mimi barabarani ningewasha," Zefania alisema baadaye. "Nimelala usiku nikilipima hilo. Ningewasha. Lakini nikikutazama namwona yeye, Kauthar. Usinidai nikutazame leo."

Nikasimama niondoke. Akaniita, akaniambia nimwambie Lea mwenyewe, mke wa Antipasi. Asije akasikia kisimani.

Nje kwenye benchi la korido nilimkuta baba. Alikuwa amevaa kanzu nyeupe ya Ijumaa na alinukia udi, na mimi nilikuwa bado na masizi ya jana kwenye nywele. Nikamwamkia. Amri alikuwa amekwisha kumsimulia yote. Baba alizungusha pete kidoleni, kisha akauliza bila kupandisha sauti.

"Ulijua wamo?"

"Nilijua, baba."

Akaniambia kwamba wazee wa Rahimu atawajibu yeye mwenyewe, mchana huo huo, kwamba jambo halipo. Nilidhani ananihurumia. Nikakusanya nguvu ambazo nilizikosa mwaka mzima.

"Ninayemtaka yumo humu ndani," nilisema. "Ni Zefania."

"Mkristo."

"Ndiyo, baba."

"Unampenda, na bado uliwasha."

"Ndiyo."

Alinitazama kwa muda mrefu. Nimewahi kuona hasira ya baba, na huzuni yake pia, siku bibi alipofariki. Hii haikuwa mojawapo. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyelea kitu ndani ya nyumba miaka ishirini na mitatu bila kujua ni kitu gani. Akainuka, akasema atachelewa swala, akaondoka. Hakunikataza lolote. Ningependa angenikataza.

Jumamosi nilirudi Mwanduli kwa gari lile lile. Amri alinisihi nisiende. Alisema watu wenye msiba wana haki ya kufanya lolote, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa kwenye honi, kwa hiyo kama kuna wa kwenda ni yeye. Nikamwambia twende wote.

Lea alikuwa ndani na wanawake, amekaa kwenye mkeka, mtoto mchanga kifuani. Alikuwa na umri kama wangu. Nikaomba kusema naye peke yake, na wale wanawake wakatoka mmoja mmoja, polepole, wakinikagua. Nilipiga magoti nikamweleza. Honi, barabara, kisinga, nani alikishika. Sikuliacha hata moja, wala sikusema kwamba nilingoja, kwa sababu kungoja kwangu hakukumsaidia mumewe.

Alinisikiliza mpaka mwisho huku akimpapasa mtoto mgongoni.

"Yule wangu mkubwa yuko darasa la kwanza," alisema. "Alikuwa shule."

"Nilimwona anatoka."

Machozi yalimtoka lakini uso haukubadilika. Aliniambia kwamba hawezi kunishukuru, na nisimsubiri anisamehe, kwa sababu hajui kama siku hiyo ipo. Kisha akaniambia niwaite wale wanawake waingie, maana mtoto anataka kunyonya, na yeye mwenyewe hajanywa uji.

Kwetu Waislamu wanawake hatufiki makaburini. Sikuwa nimewahi kusimama kando ya kaburi maishani mwangu. Siku ile alipozikwa Antipasi nilisimama nyuma kabisa, na Amri kando yangu, tukiwa Waislamu wawili kati ya watu waliokuwa wakiimba. Ng'ambo ya makaburi msitu ulionekana mweusi, vigogo vimesimama bila majani, na bado sehemu sehemu palikuwa panafuka.

Wakati wa kutupa udongo, Lea alitangulia, wakafuata ndugu. Ndipo nikamwona Zefania. Alikuwa ametoroka hospitalini, au wamemruhusu, sijui. Mikono yake ilikuwa imefungwa bandeji mpaka kwenye viwiko. Zamu yake ilipofika alisimama ukingoni, akaitazama ile mikono, watu wakangoja. Mzee Mathayo akasogea kumsaidia. Zefania akatikisa kichwa.

Aligeuka, akawapita wanaume, akawapita wanawake waliokuwa wamekaa chini, akaja mpaka nyuma nilipokuwa. Watu wakageuka naye. Alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza kunitazama tangu kwenye vipande vyangu vya nyasi.

"Siwezi kushika," alisema. Sauti yake ilikuwa bado imeungua. "Nitupie wangu."

Nilitamani kumwambia kwamba anakosea, kwamba mkono wangu ndio wa mwisho uliopaswa kufanya hivyo. Nadhani alijua. Alingoja tu. Nikatembea ubavuni mwake hadi mbele, watu wakitupisha, na sikuthubutu kumtafuta Lea kwa macho. Niliinama nikachota udongo, nikautupa. Ulitoa sauti ndogo juu ya jeneza.

Nikainama tena, nikachota wa kwangu.

Nilipoinua uso, Lea alikuwa ananitazama kutoka ng'ambo ya kaburi, kichanga begani. Hakuitikia kwa kichwa, wala hakugeuka. Mchungaji akaendelea kusoma. Wanaume wakachukua makoleo, na Zefania akabaki amesimama pale pale, bandeji yake ikigusa mkono wangu wenye udongo, na hakuna aliyetuambia tuondoke.